Dereva Mpya wa Miaka Tisa

Katika sherehe ya Desemba mwaka 2003 kampuni ilichinja mbuzi wanne, na Selpha ndiye aliyepika chapati. Kibanda chake cha chai kilikuwa mkabala na lango la yadi ya malori, kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, na kwa kuwa madereva wote walikuwa wateja wake, meneja hakuona haja ya kumtafuta mpishi wa mbali. Hivyo ndivyo Selpha alivyoingia ndani ya yadi ile, akasimama nyuma ya meza ya chapati, akajionea mwenyewe jinsi watu walivyoketishwa.

Chini ya hema kulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa utepe. Hapo waliketi watu wa ofisini, na pembeni mwao wale ambao madereva waliwaita wavuvi. Hawa walikuwa watafutaji wa madereva. Kazi yao ilikuwa kuzunguka kwenye vituo vya mafuta, mizani na gereji, kuanzia Athi River hadi Namanga, wakizungumza na madereva wa kampuni nyingine kwa maneno matamu mpaka wakubali kuhama. Malori yalikuwa mengi siku hizo, na watu waliojua kuendesha trela walikuwa haba, kwa hiyo mvuvi hodari alitunzwa kama yai. Madereva wenyewe walikula wakiwa wamesimama kando ya magurudumu, sahani zimewekwa juu ya vidato vya kupandia kwenye malori yao.

Mmoja wa wavuvi hao alikuwa Dolphine, mdogo wake Selpha wa kuzaliwa tumbo moja. Siku hiyo meneja, Bwana Githongo, alimwita mbele akamkabidhi simu ya mkononi ikiwa bado ndani ya boksi lake, na watu wakapiga makofi. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Ochola, mume wa Selpha, ambaye alikuwa ameiendeshea kampuni hiyo malori kwa miaka tisa bila kugonga hata ndama.

"Shemeji yangu huyo!" Ochola aliwaambia wenzake. "Huyo mimi nilimlipia chuo cha kupiga taipu. Sasa ako na simu, na mimi bado niko na spana."

"Ngoja, atakukumbuka siku akikosa samaki," mmoja akamjibu, nao wakaangua kicheko.

Ochola hakuwa amesema uongo. Alipoajiriwa mwaka 1994, mshahara wake wa kwanza haukununua kiatu wala redio. Ulimleta Dolphine kutoka nyumbani kule Siaya, ukamweka chuoni, ukamvika sketi ya kuendea mahojiano. Ochola ndiye aliyemwombea kazi ya kupokea simu katika ofisi ya kampuni, na kutoka hapo Dolphine akapanda kwa juhudi zake mwenyewe. Alikuwa na ulimi mwepesi na kumbukumbu nzuri ya majina ya watoto wa watu, na dereva yeyote aliyeulizwa habari za mwanawe kwa jina alikuwa tayari nusu amekubali.

Mwezi wa Januari Aketch, binti wa kwanza wa Selpha na Ochola, aliitwa kwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Furaha iliyoingia katika vile vyumba viwili vyao vya kupanga ilikaa siku chache tu, kisha karo ikaanza kuzungumzwa. Ochola alivaa shati safi akaenda kwa Bwana Githongo kuomba nyongeza ya mshahara, na ikiwa haiwezekani, mkopo mdogo wa kukatwa polepole.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Dolphine alikuja kula kwa dada yake kama kawaida. Ochola aliwasimulia jinsi alivyojibiwa, akiiga sauti ya meneja na kulisukuma tumbo lake mbele.

"'Mzee Ochola,' akaniambia, 'kama ungekuwa unaondoka, ningekuwa na pesa ya kutafuta mtu wa kukaa kwa kiti chako. Shida yako ni kwamba huondoki.'"

Selpha alitazama sufuria. Aketch, aliyekuwa akiosha vyombo mlangoni, aliacha kuosha.

"Na ni ukweli," Dolphine akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ugali wake. "Hiyo bajeti iko, na imepandishwa mwaka huu. Nikileta dereva wa trela mwenye uzoefu, aende safari ya kwanza na arudi salama, yule mmoja tu ananilipa kuliko mshahara wako wa mwezi, Shemeji. Naona hata aibu kukuambia."

"Aibu ya nini? Wewe ni bosi." Ochola akamsukumia bakuli la mboga. "Kula, bosi. Kwa hivyo mimi nikiacha kazi Ijumaa, halafu wewe univue Jumatatu, utalipwa?"

Akacheka kwa mzaha wake mwenyewe. Dolphine naye akacheka kidogo. Selpha hakucheka.

"Utalipwa?" akamuuliza mdogo wake.

"Dada, huo ni mchezo."

"Nimekuuliza, utalipwa au hutalipwa?"

Dolphine alifikiri, akatafuna, akameza. "Nitalipwa," akasema. "Karatasi za makao makuu Nairobi hazijui Ochola wa jana na Ochola wa leo. Zinajua idadi."

Walizungumza mpaka chai ikapoa. Ochola ndiye aliyesita. Hakuogopa kazi, alisema, kwa maana barabara aliijua kama kiganja chake. Jambo lililomsumbua lilikuwa lile neno la kuacha. Kuandika kwamba ameacha, hata kwa siku tatu za uongo, kulimkaa vibaya kifuani.

"Na miaka yangu tisa je?" akauliza.

"Miaka tisa imekununulia nini?" Selpha akamjibu. "Umeomba kwa jina la hiyo miaka, ukachekwa. Wewe utakuwa ni yule yule, na barabara ni ile ile. Shule inafunguliwa, Baba Aketch."

Maneno hayo aliyatamka kwa upole, kama mke anavyomshauri mume. Hakujua kwamba yangekuja kumrudia kila siku, kwa sauti ile ile ya upole, wakati akikanda unga au akifunga mlango wa kibanda.

Ijumaa Ochola aliacha kazi. Jumatatu Dolphine alimwingiza ofisini kama mtu aliyemwokota Namanga. Bwana Githongo alizitazama karatasi, akamtazama Ochola, akamtazama Dolphine, kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza. Makao makuu yalikuwa yakimdai madereva wapya kila mwezi, na huyu alikuwa amejileta kwa miguu yake.

"Mimi sijaona kitu," akasema huku akigonga muhuri. "Karibu kazini, kijana!"

Ochola alikuwa na miaka arobaini na sita.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wote watatu hawakuwa wamelifikiria pale mezani, ingawa kila mmoja wao alilijua. Katika yadi ile, lori bora lilikuwa la dereva mkongwe. Aliyekaa sana alipewa lori jipya, na aliyeingia jana alianza na chuma chakavu. Ilikuwa desturi yao tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuilalamikia, kwa kuwa kila mtu alitumaini kuzeeka ndani yake. Lori la Ochola, alilokuwa akilifuta vumbi kwa shati lake la zamani, lilikabidhiwa mwingine Jumamosi asubuhi. Yeye alipewa lile ambalo madereva waliliita Mgonjwa.

"Ni la wiki chache tu," alimwambia Selpha jioni hiyo akivua viatu. "Githongo amesema atanirudishia langu mambo yakitulia."

"Na hilo Mgonjwa linaumwa nini?"

"Ukikanyaga breki, linavuta kushoto. Si sana. Ni kama ng'ombe anayejua njia ya kwao."

Safari ya kwanza alikwenda na saruji hadi Namanga akarudi salama. Dolphine alilipwa, akaleta bahasha yote bila kuifungua, akaiweka mikononi mwa dada yake. Walinunua sanduku la chuma, godoro na sare, wakalipa karo ya muhula. Asubuhi ya kumpeleka Aketch shuleni, Ochola alilibeba sanduku lile begani kutoka nyumbani hadi steji ya matatu, akikataa kusaidiwa, na njiani aliwasalimia hata watu asiowafahamu.

"Supa!" akamwamkia kwa Kimaasai Nailantei, mama aliyeleta maziwa kutoka Kisaju kila alfajiri.

"Ipa! Wapi na sanduku, Baba Aketch? Mama amekufukuza?"

"Msomi huyu anaenda! Mwangalie vizuri, kesho utamwita Mheshimiwa!"

Selpha aliyakumbuka hayo pia.

Mara tatu Ochola alikwenda gereji ya kampuni kueleza habari za breki. Zamani, alipokuwa dereva wa kudumu, fundi angeacha chai yake na kuinuka. Sasa fundi wa zamu, ambaye naye alikuwa mgeni, alisoma kadi yake na kuona kwamba ana wiki chache tu kazini. "Nyinyi wapya mnalalamika sana," akamwambia. "Zoea gari kwanza." Ochola alirudi nyumbani akiyasimulia hayo kwa kicheko, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua urefu.

Ilikuwa mwezi wa Machi, wakati nyasi zote zimekwisha na mifugo inahamishwa kutafuta malisho. Nailantei alifika kibandani akiwa ametembea haraka, madumu yake ya maziwa bado yamejaa.

"Mama Aketch, kaa chini."

"Nina chapati motoni."

"Toa chapati. Kaa."

Habari Nailantei alikuwa amezipata kwa kaka yake aliyekuwa na ng'ombe upande wa Kajiado. Lori la saruji lilikuwa likiteremka, na mbele yake ng'ombe walianza kuvuka wakiwa na watoto wawili wa kuwachunga. Dereva alikanyaga breki mapema, watu wote walikubaliana hivyo. Lori likavuta kushoto, likaacha lami, na upande wa mbele ukajikunja kwenye ukingo wa kalvati ya kupitishia maji chini ya barabara. Watoto walikuwa salama, na ng'ombe pia. Dereva alikuwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umebanwa ndani, na ilichukua muda mrefu kumtoa.

Mguu ule ulikatwa juu ya goti.

Bwana Githongo alifika hospitalini na ndizi. Hakuwa mtu katili, na Selpha alipenda baadaye kulikumbuka hilo, ingawa halikumsaidia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaizungusha miwani yake vidoleni. Alieleza kwamba dereva wa kudumu akiumia kazini, kampuni hubeba hospitali, humlipa akiwa kitandani, na akishindwa kurudi barabarani hutafutiwa kazi ya yadi. Dereva wa miezi ya majaribio hana haki hiyo.

"Lakini yeye si wa majaribio," Selpha akasema. "Ana miaka tisa. Wewe unajua ana miaka tisa. Wewe mwenyewe ulicheka."

"Mama, mimi najua. Karatasi haijui." Akashusha sauti. "Nikisema ninajua, nitakuwa nimesema pia kwamba dada yako aliandikisha mtu wa kampuni kama mtu mpya, akalipwa. Watamfukuza, na watataka pesa yao. Na mimi pia sitapona. Unataka niseme?"

Selpha akamtazama Ochola. Ochola aliugeuza uso ukutani, kisha akatikisa kichwa taratibu. Hakutaka Dolphine afukuzwe. Alikuwa amemlipia chuo.

"Ndizi ni nzuri," Ochola akasema. "Asante, bosi."

Kwa hiyo haikusemwa. Walimrudisha nyumbani na magongo mawili. Kibanda cha chai kikawa ndicho mshahara wa nyumba, na harambee ya kanisa ikamalizia deni la hospitali. Dolphine hakuja Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Alipokuja hatimaye, alisimama mlangoni kama mgeni, na Selpha hakumwambia kaa wala ondoka. Ni Ochola aliyeita kutoka ndani, "Huyo ni mvuvi? Ingia, hapa kumebaki nusu samaki." Hapo Dolphine akaketi kwenye kizingiti, akalia kwa sauti kama mtoto, na Selpha akaendelea kuchambua maharagwe. Alitamani kumchukia mdogo wake. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini kila alipoanza, alijisikia mwenyewe akiuliza, utalipwa au hutalipwa?

Kuanzia hapo Dolphine alileta unga, sukari, sabuni, kila mwisho wa mwezi. Ochola alishinda kitandani karibu na dirisha. Kutoka hapo barabara haikuonekana, lakini ilisikika, naye alilitambua kila lori la kampuni kwa mlio wake. "Hilo ni langu la zamani," angesema. "Ameingiza gia ya tatu mapema mno. Atalichosha." Mgonjwa halikusikika kwa muda mrefu, kwa kuwa lilikuwa gerejini likinyooshwa.

Mwezi wa Agosti Aketch alirudi likizo, na pamoja na ripoti yake alileta habari kwamba asiyelipa karo ya muhula wa tatu asifike langoni. Alikuwa wa nne darasani. Alipoitoa habari hiyo alimtazama baba yake, kisha akatazama chini haraka, akasema kwamba hata kusaidia kibandani hakungekuwa kubaya.

Jumapili iliyofuata Dolphine alifika na bahasha. Aliiweka mezani karibu na chupa ya chai, akakaa na mikono katikati ya magoti. Selpha akamtuma Aketch dukani kununua chumvi ambayo haikuwa imeisha.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ya Aketch."

"Nimeuliza ni ya nini, Dolphine. Si ya nani."

Dolphine alipitisha ulimi juu ya midomo. "Nimeleta dereva. Amemaliza safari ya kwanza juzi, kwa lori la kuazima. Kesho anapewa lake."

"Lori gani?"

Dolphine aliisogeza chupa ya chai kando ya bahasha. Nje, jirani alikuwa akikung'uta zulia.

"Lori gani, wewe?"

"Dada, kiti kilikuwa kitupu tangu Machi. Nisingemleta mimi, angeletwa na mwingine. Nikaona, heri hii pesa ije hapa."

Selpha aliinuka. Aliichukua ile bahasha kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kitu cha moto, akaifikisha hadi mlangoni bila kujua alitaka kuipeleka wapi. Mumewe alikuwa ameuzwa mara mbili, alifikiri, na mara zote mbili pesa zililetwa kwake yeye mkewe. Alipoingizwa kama mpya walilipwa, na alipotoka walilipwa. Miaka tisa ile ya kabla ya hapo, aliyoendesha usiku na mchana na kurudisha mizigo ya watu, ndiyo haikuwa na bei.

"Mama Aketch," Ochola akaita kutoka kitandani. "Rudi ukae."

"Hii ni pesa ya kiti chako."

"Najua ni ya kiti changu. Sasa nani mwingine aile?" Alijisogeza, akauvuta mguu uliobaki, akaegemea ukuta. "Mtoto amekuwa wa nne. Lipa shule."

Selpha aliigeuza bahasha upande wa pili. Kisha akarudi, akaiweka bahasha ndani ya bakuli la kabati na kulifunika, akakaa.

"Nitaacha hii kazi," Dolphine akasema. "Naapa, Shemeji. Mwisho wa mwezi nitaacha."

"Uache uende wapi? Ukiacha, hakuna mtu atalipwa kukutafuta." Ochola alitabasamu kidogo, tabasamu lake la zamani, nalo halikudumu. "Huyo dereva ni nani?"

"Anaitwa Saning'o. Wa hapa Kisaju."

"Ameoa?"

"Ameoa. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Jane. Ako na miezi minne."

"Wamesema Mgonjwa limetengenezwa?"

"Wamesema limetengenezwa."

"Mwambie linavuta kushoto."

"Shemeji, wamebadilisha—"

"Mwambie tu. Mwambie akanyage kidogo kidogo, asingoje. Na umwambie akipewa chochote cha kuandika, asiandike kwamba ameacha. Hata kwa mchezo. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Wewe unasahau majina sana. Hii usisahau."

Dolphine hakuwahi kusahau jina, na wote watatu walilijua hilo, lakini hakuna aliyecheka.

Asubuhi ya Jumatatu kijana mrefu alikuja kibandani, akanywa chai akiwa amesimama. Selpha alimjua kabla hajajitaja, kwa jinsi alivyokuwa akilitazama lango la yadi, kama bwana harusi.

"Wewe ni Saning'o?"

"Ndiyo, mama. Umenijuaje?"

"Umeambiwa habari za breki?"

"Anti Dolphine ameniambia mara mbili. Hata amenipigia simu leo alfajiri." Akacheka. "Huyo mama anajali watu. Kule nilikotoka hakuna mtu angekupigia."

Selpha alimfungia chapati mbili kwenye gazeti, akakataa pesa yake. Alitaka kuongeza neno. Alikuwa nalo mdomoni, lakini kijana alikwisha kuvuka barabara, ufunguo unaning'inia kidoleni.

Jioni alipofunga kibanda na kurudi nyumbani, Ochola alikuwa macho, ameketi ukingoni mwa kitanda na kuelekeza sikio dirishani.

"Nimelisikia asubuhi," akasema. "Limetoka?"

"Limetoka."

"Alikanyaga breki pale langoni, kabla ya kuingia lami?"

"Alikanyaga."

"Ukaangalia magurudumu ya mbele?"

"Niliangalia."

Ochola alingoja. Selpha alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakikunjua tena.

"Kushoto," akasema. "Kidogo tu."

Ochola aliunyoosha mkono akashika magongo yake, akayasimamisha wima mbele yake kama mtu anayeondoka sasa hivi, kwa maana gereji ilikuwa bado wazi na fundi alikuwepo. Kisha akakumbuka fundi angeuliza yeye ni nani katika kampuni. Akayaegemeza tena ukutani taratibu, yasianguke na kumwamsha Aketch, aliyekuwa amesinzia juu ya vitabu vyake.